Siku Kesho Ilipofika

Kibao kilining'inia juu ya mizani, maandishi mekundu: LEO TASLIMU, MKOPO KESHO. Kwa ajili ya kibao hicho mtaa mzima ulimwita mwenye duka Bi Kibao. Yeye naye, kila mara muuzaji wa jumla alipokuja kudai deni lake, alimjibu vivyo hivyo: "Njoo kesho."

Jumanne ilipokwisha, Jumatano haikuja. Ilikuja Kesho. Redio ilitangaza saa kumi na mbili asubuhi, baada ya hali ya hewa. Bi Kibao alipofungua mlango alikuta foleni imefika kwa muuza mkaa.

"Umeamkaje, Bi Kibao? Leo ndiyo kesho," alisema fundi viatu, wa kwanza mstarini. "Nipe sukari kilo mbili, sabuni, na ile gundi unayoniringia nayo."

"Utalipa lini?"

"Mie nakopa. Mambo ya kulipa kibao chako hakijayasema."

Ahadi ni deni. Bi Kibao akakunja mikono ya gauni, akapima. Unga ukaondoka, mafuta yakaondoka, viberiti vikaondoka. Bibi mmoja aliyekuta rafu tupu alikopa mizani.

Saa tatu akaingia mumewe, ambaye miaka sita nyuma alitoka kununua betri akisema anarudi kesho. Alisalimu, akaziweka betri mezani, akauliza chai iko wapi. Akapewa kazi ya kufunga vifurushi vilivyokwisha kupimwa. Bi Kibao alicheka mpaka machozi yakamtoka. Duka halijapata kujaa watu hivyo.

Adhuhuri akaja muuzaji wa jumla na wapagazi wanne.

"Uliniambia nije kesho."

"Nilisema, tajiri. Nawe nilipokuomba unifutie riba, ulisemaje?"

"Nilisema tutaona."

"Basi?"

Muuzaji akaiangalia friji ya duka, iliyosimama pembeni, juu hadi chini. Soda baridi ndizo zilizokuwa zikililisha duka lile.

"Naona," akasema.

Wapagazi wakaibeba, maji yakidondoka njia nzima. Hiyo ilikuwa riba. Deni lenyewe likabaki pale pale.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, Alhamisi ya kawaida. Lori la muuzaji wa jumla likasimama mlangoni na magunia mapya, bei ile ile, riba ile ile.

"Utalipa lini?"

Bi Kibao alimkazia macho. "Tutaona."

Muuzaji alicheka akashika tumbo. "Bibie, neno hilo ni la wenye maghala. Wewe sema kesho."

Wapagazi walisubiri, magunia mabegani. Bi Kibao akatazama rafu, na mumewe aliyekuwa akizipangusa vumbi.

"Kesho," akasema.

Magunia yakaingia. Fundi viatu, aliyekuwa kibarazani kwake akisikia yote, aliacha kiatu cha mtu kikiwa na nusu ya soli, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni kwa Bi Kibao, wa kwanza mstarini.