Bunduki Isiyopiga Teke

"Umefumba macho tena, shemeji," Jairus akasema.

Philister hakubisha. Bega lake la kulia lilikuwa limevilia damu, jeusi kama biringanya, na ubao wa shabaha, mita mia moja mbele, ulikuwa mzima kama ulivyotoka dukani.

"Hii bunduki ya kaka, 30-06, inanipiga teke hata mimi mwenye kilo mia. Wewe kilo arobaini na sita! Hapo nani kampiga mwenzake?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Tena umeichukua kabla ukoo haujagawa vitu vya marehemu. Ndiyo maana inakukataa."

Ulikuwa utani wa mashemeji, lakini hakuna aliyeucheka. Msimu wa kuwinda kulungu ungefunguliwa Jumamosi, na Philister alitaka kukaa, hata asubuhi moja tu, kwenye kiti cha kuwindia cha juu ya mti, alipokaa mumewe Alfred siku yake ya mwisho, ndani ya koti lake la chungwa la wawindaji. Jairus alitoa sharti moja: risasi tatu ndani ya duara la ukubwa wa sahani, la sivyo abaki nyumbani Burnsville. Mtu anayeshtuka hujeruhi mnyama, naye mnyama hutembea na maumivu yake hadi giza.

Basi wakaenda duka moja la bunduki katika mji jirani wa Savage. Philister akaomba bunduki ya mtoto.

"Mtoto ana miaka mingapi?" muuzaji akauliza.

"Hamsini na nane."

Muuzaji alipomaliza kucheka, akapanga risasi za bunduki mbili ndogo juu ya kioo. Ile 7mm-08 ilikuwa nene kidogo. Ile 243 ilikuwa nyembamba kama kidole cha bibi harusi. "Hii ndiyo yenye teke laini kuliko zote," akasema. "Inaua vizuri, mradi ulenge nyuma ya bega."

Alhamisi wakarudi na hiyo 243 kwenye uwanja wa shabaha, peke yao, theluji ya kwanza ikipepea. Philister akafyatua.

Bunduki kubwa huruka, nawe hupoteza kila kitu kwenye darubini iliyo juu yake mpaka mambo yameisha. Hii ilimsukuma tu, kama jirani anayeomba nafasi kanisani. Kwa mara ya kwanza aliona kinachotokea kule mbele bunduki inapolia: tundu likifunguka kwenye karatasi, udongo ukiruka nyuma yake.

Akafyatua ya pili. Tundu. Udongo. Na mtu, amevaa koti la chungwa, amesimama kando ya ubao akiwapa mgongo.

"Mbili ndani!" Jairus akashangilia. "Bado moja, mama, nikupeleke!"

"Jairus, kuna mtu pale."

Jairus akainua darubini yake, akatazama kwa muda mrefu. "Naona ubao. Naona theluji." Sauti yake ilishuka. "Shemeji, usinifanyie hivyo. Piga, twende."

Philister akarudisha jicho kwenye darubini ya bunduki. Yule mtu aliinama, akayachungulia matundu mawili kama anayesoma barua. Kisha akaweka kiganja wazi katikati ya duara, pale pale risasi ya tatu ilipopaswa kwenda, akatulia.

Kidole cha Philister kilikuwa kimeshavuta triga nusu.