Mkanda wa Msumarini

Kila anayeingia karakanani kwangu lazima aulize nilianzaje. Wanauliza wanafunzi, wanauliza wateja wanaosubiri kiatu, aliwahi kuuliza hata mama mmoja aliyekuja tu kujikinga mvua. Mafundi ngozi wana hadithi nzuri za mwanzo wao. Huyu alichana buti bovu la baba yake akapata kishikio cha funguo, yule alimshonea mbwa ukosi ukamvuka kichwa, na wote hucheka wakikumbuka mishono ilivyokwenda upande. Mimi nami ninayo yangu. Huwa nasema nilianza na pochi nyekundu iliyokataa kufungika, watu wanacheka, naendelea na kazi.

Pochi ilikuwa ya pili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mkanda, na nimechoka kudanganya.

Aliyenifundisha ni mjomba, kaka yake mama. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, dirisha na harufu inayokufuata mpaka kitandani. Nilikwenda kwake nikiwa na miaka ishirini na mbili, baada ya kufukuzwa kwenye duka la vitambaa kwa sababu ya mdomo. Mjomba alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu na mimi mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo tulielewana: mimi nilizungumza, yeye alifanya kazi.

Alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, mwanafunzi haigusi ngozi ya mgongo. Siku ya kwanza alitandaza mezani ngozi nzima ya ng'ombe akanishika mkono, akaupitisha juu yake polepole. Huku mgongoni imeshikana, ukiivuta inagoma. Huku tumboni ni laini, inapendeza mkononi, lakini ni ngozi iliyozoea kutanuka kila ng'ombe aliposhiba. Ya mgongo ni ya kubeba uzito. Ya tumbo ni ya kujifunzia na ya vikorokoro visivyobeba kitu. Nilimwambia nimeelewa, na kwa kweli nilidhani nimeelewa.

Sharti la pili, kazi ya kwanza haitoki mlangoni. Inatundikwa kwenye msumari juu ya mlango na inakaa hapo. Yake ilikuwepo bado, ala ya kisu iliyopinda kama ndizi.

"Kazi ya kwanza ni ya kukuchekesha uzeeni," alisema. "Si ya kumpa mtu."

Mkanda wangu niliukata tumboni, kama nilivyoagizwa. Ulikuwa mrefu kuzidi mikanda ya kiuno, mpana vidole vinne, nimeukunja mara mbili, nimeushona kwa uzi wa nta mpaka vidole vikatoka damu. Niliupaka mafuta siku tatu mfululizo. Ulipokauka ulikuwa na rangi ya chai ya rangi na ukang'aa kuliko vitu vya mjomba mwenyewe. Aliutazama, akaugeuza, akaguna. Kwa mjomba kuguna kulikuwa sifa, ila mimi nilitaka maneno. Akautundika msumarini, na mimi nikawa nautazama kila nikinyanyua kichwa, nimevimba kama nimezaa.

Wiki hiyo mjomba alisafiri kununua ngozi. Kaka yangu akapita.

Kaka alikuwa fundi wa umeme, wa kupanda nguzo. Unazungusha mkanda kwenye nguzo na kiuno, unaegemea nyuma, mikono inabaki huru kwa kazi. Wa kwake ulikuwa umeibwa kwenye gari, na msimamizi alimwambia asubiri mwingine au akae nyumbani. Kukaa nyumbani kaka hakukuweza, alikuwa mtu wa kuimba akiwa juu huko mpaka watu wa mtaa wakamtambua kwa sauti. Akaingia, akainua macho mlangoni, akapiga mluzi.

"Huu nani kaushona?"

"Nani mwingine unamwona humu?"

"Acha utani. Wewe? Huyuhuyu aliyechoma uji?" Akaushusha, akauvuta kwa mikono miwili, akaunusa. "Dada, hii kazi ya mtu mzima. Wale wauzaji wa dukani hawakufikii hata kidogo."

Miezi minne nilikuwa nimeinamia meza ile bila mtu kuniambia neno kama hilo. Nilimwambia kwamba ni kazi ya kwanza, kwamba hairuhusiwi kutoka. Akacheka, akasema ataurudisha kabla mzee hajafika. Niliutia chuma cha kufungia, tukautupia kwenye boriti, nikajining'iniza mwenyewe nikipiga miguu hewani kama mtoto, naye akining'inia juu yangu. Ukatushika wote wawili. Nikampa. Sikulazimishwa na mtu. Nilitaka aende akaringie wenzake kwamba mdogo wake ni fundi.

Mjomba alichelewa, wiki moja ikawa tatu. Jumamosi ya kwanza kaka alikuja nyumbani akaniomba nimtobolee tundu lingine, mkanda umekuwa mkubwa kidogo. Nikatoboa. Jumamosi ya pili akaomba tundu jingine. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele, akasimama akamshika kaka kiuno.

"Umekonda wewe! Mnakula nini huko kazini?"

"Nakula, mama."

"Unakula nini? Upepo?"

Kuanzia siku hiyo akawa anampakulia mara mbili. Mimi nikamtania kwamba akiendelea hivyo upepo utampeperusha kwenye nguzo tumwokote mtaa wa tatu. Tukacheka sote. Jumamosi ya tatu nikatoboa tundu la tatu, karibu sana na la pili. Kaka akasema mkanda umeanza kuuzoea mwili wake, hauumi tena kiunoni, na mimi nikafurahi.

Kaka hakuwa amekonda hata kidogo. Ni mkanda uliokuwa unarefuka, kwa jasho lake na uzito wake, kila siku kidogo. Mtu yeyote mwenye mwaka mmoja katika kazi hii angeliona hilo akiwa amefumba macho. Nilikuwa na miezi minne, nikashika chuma cha kutobolea nikausaidia mkanda kumwangusha.

Alianguka Jumanne, saa nne asubuhi. Mwenzake alikuwa amekwenda kwenye gari kuchukua waya, alisikia wimbo umekatika. Hospitali walimlaza chali, wakamchoma sindano kwenye nyayo, hakusikia kitu. Kuanzia kifuani kwenda chini hajasikia tena kitu chochote mpaka leo.

Jioni ile msimamizi alikuja na karatasi ya kujaza. Mama alikuwa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, roho mkononi.

"Mkanda ulikuwa umeufunga?"

Kaka alinitazama mimi, siyo yeye.

"Sikuufunga," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Yule bwana akaandika. Mama akaweka mikono kichwani. "Uzembe!" alilia. "Uzembe tu, mwanangu! Kitu cha kufunga tu!" Nami nilifungua kinywa changu kisicho na breki, na kwa mara ya kwanza maishani hakikutoa kitu.

Mjomba aliporudi alikwenda mwenyewe kwenye ile nguzo. Sijui aliupata wapi, majanini au mtaroni. Nilipofika karakanani kesho yake mkanda ulikuwa msumarini. Tundu la pili na la tatu yalikuwa yamepasuka yakawa kitu kimoja, na ncha imechanika kama kitambaa. Mjomba aliniwekea mezani kipande cha ngozi nyekundu, cha tumboni, akasema, "Tengeneza pochi." Halafu akasema tena, "Wakikuuliza, hii ndiyo ya kwanza."

Nikatengeneza pochi. Nililia juu yake, ndiyo maana ilikataa kufungika.

Miaka tisa imepita. Mjomba amefariki, karakana ni yangu, na jina langu ni kubwa kuliko lake lilivyokuwa. Kaka yuko chumba cha nyuma kwa mama, kitanda chini ya dirisha. Na miaka yote hiyo tisa mama amemhudumia kwa mikono na kumsema kwa mdomo, kwa sababu mdomo huu nimeurithi kwake. Anamwogesha na kumsema. Anambadilisha shuka na kumsema. "Kufunga tu! Dakika moja! Ungefunga, leo ungekuwa na watoto." Si kwamba hampendi. Uchungu wake hauna njia nyingine ya kutokea. Kaka hutazama dirishani akasema, "Kweli, mama." Mimi huwa nimesimama hapohapo nimeshika beseni.

Mwezi uliopita mama alimdondosha. Ana miaka sabini na moja, alimnyanyua kumweka kwenye kiti, kiuno kikamkatika, wakaanguka wote wawili wakakaa sakafuni mpaka jirani akaja. Muuguzi wa zahanati alipomwona akasema hapa unatakiwa mkanda wa kunyanyulia, wa kupita mgongoni na chini ya mapaja, uning'inizwe kwenye kapi na kulabu darini. Mama akanigeukia.

"Wewe si fundi ngozi? Mji mzima unavaa mikanda yako. Kaka yako mwenyewe ananing'inia shingoni mwangu!"

Nilipiga chenga wiki mbili. Nilisema ngozi nzuri imeadimika, nikasema sindano imevunjika. Kusema ukweli nilikuwa naogopa. Halafu nikapiga moyo konde. Nilinunua ngozi bora kuliko zote nilizowahi kugusa, nikakata mgongoni, pale katikati kabisa, nikaikunja, nikaishona kwa mkono mishono miwili miwili siku kumi. Niliutundika mkanda kwenye boriti ya mjomba, nikauning'inizia magunia matatu ya mchanga, nikayaacha juma zima, asubuhi na jioni nikipima kwa futi. Haukurefuka hata uzi mmoja. Hakuna kitu nilichowahi kushona vizuri namna ile.

Jumapili asubuhi seremala alifunga kapi darini akaondoka. Nikauweka mkanda kifuani kwa kaka ili auone kabla hatujampitishia. Mama alikuwa kwenye kona anashika kiuno chake.

Kaka aliushika. Mikono yake bado ina nguvu. Aliuvuta, akaukunja, akakwaruza ukingo wake kwa ukucha kama mjomba alivyokuwa akifanya.

"Huu wa mgongo?" akaniuliza taratibu.

Katika familia nzima ni mimi na mjomba tu tuliokuwa tukizungumza hivyo. Nikafahamu kwamba mjomba alimweleza, zamani, labda alipokuwa bado hospitali, na kwamba kwa miaka tisa kaka alijua kilichomwangusha ni nini na ni nani.

"Wa mgongo," nilisema.

"Basi sawa."

"Mnasema nini ninyi?" mama akauliza. "Mgongo wa nani?"

"Mambo ya ngozi, mama," kaka alisema upesi. "Tunyanyue tu."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Tulimpitishia mkanda, nikashika kamba, nikavuta. Kaka akainuka kutoka kitandani taratibu, akabaki ananing'inia, miguu yake myembamba ikiyumba. Haukulia hata mshono mmoja. Na mama, kwa furaha, kwa machozi, akapiga makofi akasema, "Ona! Ona kitu cha kufunga tu! Ungefunga siku ile, mwanangu, ungefunga!"

"Alifunga," nilisema.

"Nyamaza," kaka akasema.

"Mama, alifunga. Mkanda ulikuwa wangu. Niliushona kwa ngozi ya kujifunzia, niliambiwa usitoke, nikautoa. Ulikuwa unarefuka na mimi nikawa namtobolea matundu. Ulikatika. Yeye alisema uongo ili nisiguswe."

Nilikuwa bado nimeshika kamba. Mama alinitazama, akatazama kule juu.

"Ni kweli?"

Kaka akageuzia uso dirishani.

"Miaka yote hii nakusema, na wewe unaitikia?"

"Mimi nilikuwa siendi popote, mama," kaka alisema. "Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi."

Nilingoja mama anipige. Ningeshukuru. Badala yake alikuja, akaniondoa mikono kwenye kamba kidole kimoja kimoja, akamshusha kaka kitandani mwenyewe. Akafungua kulabu ya upande mmoja. Akauchomoa mkanda chini ya mapaja yake bila haraka, akauacha uning'inie darini. Halafu akainama, akapitisha mikono yake mikavu kwapani mwa mwanawe, akavuta pumzi. Nilisikia kiuno chake kikilia. Nikasogea kumsaidia.

"Usimguse," alisema.

Akamnyanyua. Sijui kwa nguvu gani. Alisimama pale anatetemeka, amembeba mtu mzima kifuani, uso ameuzika shingoni mwake, akisema neno moja tu, nisamehe, nisamehe, nisamehe, kama alivyozoea kusema lile jingine la kufunga.

Nilinyoosha mkono kuuchukua mkanda wangu niondoke nao. Kaka alinitazama juu ya bega la mama.

"Uache hapohapo," alisema. "Kesho atakuwa amechoka."