Mapatano ya Wafalme wa Iringo

Miaka ile viwanda vikifungwa na kila mtu akifungua kiduka, Hyasinta na mumewe Wanzagi walikuwa na chumba cha kuchapa barua pale mjini, mtaa wa Iringo. Kompyuta waliachiwa na padri mmoja aliyemaliza kazi yake akarudi kwao Ulaya, na ndani yake alisahau mchezo wa wafalme. Heri alisahau! Mpaka leo, kichwa kimejaa mvi, Hyasinta akizikumbuka Jumamosi zile anacheka peke yake jikoni.

Kila Jumamosi umeme ukiwapo, Magesa, mdogo wake Wanzagi, alikuja kutoka Bunda, alikokuwa akipima pamba kwa mnunuzi binafsi. Shemeji na shemeji walikaa mbele ya kioo, kila mmoja na ngome yake, askari wake, na majirani wenye roho mbaya. Wanzagi hakucheza. Yeye ndiye aliyekijua Kiingereza, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kusoma maandishi yaliyojitokeza na kuwaeleza kwa mbwembwe.

Peke yako hukufika mbali. Ilibidi umwoze binti yako kwa mwana wa mfalme mwenzako. Mkishakuwa wakwe, kama Hyasinta na Magesa walivyokuwa tangu mwanzo, ukivamiwa, askari wake wanakuja mbio. Ukimsaliti, wafalme wote wanakununia, na zawadi zako hakuna anayezipokea tena.

"Huyu aliyeutunga alikuwaga Mzanaki mwenzetu," Wanzagi alisema siku moja.

"Kasahau ng'ombe tu," Magesa akajibu, wakacheka mpaka wapita njia wakachungulia.

Malaria ilimchukua Wanzagi kwa siku tatu. Walimzika Butiama, kwa mama yake, Pelagia. Mtoto hawakujaliwa. Matanga yalipoisha Hyasinta akarudi mjini kungoja kuitwa, maana shangazi yake wa Nyegina alimwambia mjane hajipeleki ukweni, hufuatwa. Ukapita mwezi, ikapita mitano, kimya. Kaka yake Kasmiri akaanza kumhimiza afungashe virago arudi kwao Nyegina, eti Butiama hana mtu tena. Hyasinta hakutaka. Alimpenda yule mama mkali, alikipenda kijumba chake cha kule na shamba lake la ulezi. Kila akifikiri kwamba huenda si wa kule tena, chakula kilimshinda.

Magesa peke yake ndiye aliyeendelea kuja. Waliuendeleza mchezo pale walipouachia, ila sasa hapakuwa na wa kuwasomea, na maandishi yakitokea walibonyeza tu yaondoke. Jumamosi moja yakatokea marefu kwenye zamu ya Hyasinta. Akabonyeza. Zamu tatu baadaye maadui wakaizingira ngome yake.

"Shemeji, leta askari!"

"Nawatuma, wanagoma!"

Ngome ikaanguka. Magesa akaona aibu, akachukua kamusi ya marehemu kaka yake, akayatafuta yale maandishi kwenye orodha ya habari zilizopita, na kuyafasiri neno kwa neno, jasho likimtoka. Mfalme mzee wa ngome yako amekufa. Mapatano aliyoyafanya yamekufa naye. Je, unataka kuyafanya upya? Na Hyasinta alikuwa amebonyeza hapana.

"Kumbe ndivyo ilivyo," Hyasinta akasema taratibu. "Mwenyewe akifa, imeisha."

Magesa alidhani bado wako kwenye mchezo. "Ndiyo shemeji. Imeisha."

"Basi mwambie mama nimeelewa. Narudi Nyegina."

Magesa hakuelewa sababu, lakini ujumbe ni ujumbe. Kesho yake akaufikisha Butiama kama ulivyo, na habari za wafalme juu yake.

Jumatatu asubuhi Hyasinta alikuwa anachapa mtihani wa shule moja, mwalimu amesimama pembeni, mara Pelagia akaingia. Hakuamkia mtu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi, na jembe lilikuwa mkononi.

"Wewe! Ulezi wako umemezwa na magugu. Nani akupalilie?"

"Mama, nilikuwa nangoja niitwe."

"Uitwe? Mtu anaitwaga kwake?" Mama akaliegemeza jembe ukutani. "Kila basi likisimama nachungulia barabarani. Nasema, labda ametuchoka, ni kijana bado, nisimsumbue. Miezi mitano nachungulia!"

Hyasinta akasimama, asijue aweke wapi mikono. Siku zote hizo alijihesabu aliyetupwa, kumbe na mwenzake kule alikuwa akijihesabu hivyo hivyo.

"Halafu Magesa anakuja ananiambia sijui mfalme amekufa, sijui imeisha," Pelagia akaendelea, machozi yakimtiririka. "Mimi nilizika mtoto mmoja. Nani alikwambia nilizika wawili?"

Hyasinta akalia mbele ya mwalimu bila aibu yoyote. Kisha akamrudishia karatasi zake, akamwomba aje Alhamisi, akafunga mlango. Wakaondoka wote wawili na basi la saa sita.