Mshona Viraka wa Kina Flickenbosch

Mjini Plum Hollow, Wisconsin, akifa mtu wa ukoo wa Flickenbosch, watu hulifungua gazeti la wiki wakaruka hata umri wa marehemu. Wanachotaka ni ile sentensi ya mwisho ya tanzia, inayosema jina lao hilo la ajabu lilitoka wapi. Kila mtu wa ukoo huo huiandika yake angali mzima, na desturi haipindishwi: marehemu akishasema, habishiwi mpaka afe mwingine. Binamu yao mmoja alidai kuwa jina hilo ni la jibini, akazikwa nalo, na ukoo mzima ukawa wa jibini kwa miaka saba. Wangefanyaje?

Sasa alikuwa amekufa Lyle. Dada yake, Bi Ardis, alilia kweli, kisha akakasirika kweli. Kila Jumapili, tangu ujana wao, walikuwa wakiligombania jina hilo mezani mpaka viazi vinapoa. Kwa lugha ya wazee wao, flicken ni kutia viraka na bosch ni msitu au kichaka; Ardis alishikilia kwamba babu yao wa kwanza, aliyeanzisha jina, alikuwa mlinzi wa msitu wa mfalme, mtu mwenye farasi wake. Lyle naye alisema babu alikuwa mshona viraka vya suruali, aliyejificha kichakani kulikwepa jeshi. Na kwa kuwa Ardis ndiye mkongwe aliyebaki, hivyo viraka, alivyoamini Lyle ameviandika, vingemkaa mpaka siku yake mwenyewe, siku ambayo hatakuwepo kucheka.

"Kanipiga chenga, mshenzi yule," alisema, akakataa kulisoma gazeti. Njia nzima kwenda kanisani alilikalia.

Baada ya maziko, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, watu walikuwa wakila mikate ya nyama ya nguruwe na jeli iliyotiwa karoti, na kila aliyepita alimpa Ardis mkono wa hongera. Alidhani wanamdhihaki. Mwishowe Corinne, binti wa Lyle, akamsomea mwenyewe: "Dada yangu alikuwa sahihi tangu mwanzo: babu alikuwa mlinzi wa msitu wa mfalme."

Ukumbi ukapiga makofi. Ardis alicheka mpaka akashika meza, akainua kikombe cha kahawa kama bingwa, akacheka tena. Halafu akakirudisha kikombe mezani. Ameshinda, haya, sasa atagombana na nani? Alimtaka kaka yake, na alimtaka akiwa mbishi.

Akasimama. "Lyle ni mwongo," akasema. "Babu alikuwa mshona viraka, tena mwoga, alikimbia suruali ya mteja ingali mkononi."

"Shangazi, marehemu habishiwi," Corinne akamnong'oneza.

"Huyu atabishiwa. Nani yuko upande wake?"

Corinne akafuta macho kwa kiganja, akaisukuma sahani pembeni na kukaa mbele yake.

"Mimi," akasema. "Na sikubali hata neno moja ulilosema."

Ardis akavuta kiti, akamwambia aanze.