Kilo Thelathini na Moja za Dada Mapokezi

“Na sabuni ya kuogea keshaimaliza,” fundi cherehani alisema, mkono kiunoni, kwenye ukuta mfupi unaotenganisha nyumba zao. “Sisemi umchukue leo. Nataka tujuane tu, huyu ni wa nani?”

“Si wangu,” Dada Mapokezi alijibu bila kusogeza midomo, kwa kuwa daktari wa leza alimkataza kukunja uso kwa siku kumi. “Tulishaachana.”

Aliyegombaniwa alikuwa ameketi mlangoni kwa fundi, anachovya mkate kwenye chai. Zilikuwa kilo thelathini na moja, zote za Dada Mapokezi: mashavu yake ya zamani, kidevu chake cha pili, mikono minene, na kile kicheko kilichokuwa kikitingisha vioo vya dirisha. Kwa kimo hazikuzidi meza. Mtaa ulishazizoea.

Mapokezi yenyewe yalibaki kwenye jina tu. Miaka miwili nyuma, meneja wa kampuni ya bima alitoa kanuni kwamba mwenye kilo zaidi ya sabini asikae mbele ya wateja, akaweka mzani kando ya mashine ya maji. Dada Mapokezi alikuwa na tisini na sita. Akateremshwa stoo ya mafaili, na huko akawa anajidunga sindano ya tumbo kila wiki, hamu ya chakula ikamtoka, mpaka akabaki sitini na tano. Alipopanda juu kudai meza yake, meneja alimtazama akasema sasa uso umeporomoka, anafanana na mtu aliyetoka kuzika, na wateja wa bima hawapendi kukumbushwa.

Ndipo akaenda kwenye leza. Daktari alimweleza kwamba mwanga ungeichoma ngozi kidogo, nayo ikishtuka ingejikaza. Hakumwambia, kwa sababu hakuulizwa, kwamba ndani ya ngozi ile iliyolegea ndimo kilo zilikuwa zikirudi kila jioni kujikunja, kama nguo sandukuni. Baada ya awamu ya tatu, ngozi ilikaza kama ngoma. Kilo zilirudi, zikagonga shavu, hazikufunguliwa. Zikaenda kwa jirani, ambako siku zote kuna watu.

“Siku ya tatu nilimpa pasi, maana jembe sina,” fundi aliendelea. “Kupiga pasi anajua. Lakini anacheka, dada. Mteja anakuja kupunguza suruali, anakaa mpaka jua linazama.” Alilalamika hivyo huku akizimiminia kilo chai nyingine.

Siku kumi zilipokwisha, Dada Mapokezi alivaa sketi mpya akaenda kazini. Kilo zilimfuata hatua chache nyuma, zimembebea mkoba. Alipanda mzani. Sitini na tano. Meneja alimzunguka mara mbili, akakiri kwamba uso umenyooka. Tatizo, alisema, umenyooka mno. Mtu akiambiwa karibu na uso ule hajui kama anapokewa au anafukuzwa. Akamwomba atabasamu kidogo.

Dada Mapokezi alitabasamu kwa nguvu zake zote. Usoni hapakusogea kitu. Kicheko kilitokea mlangoni, kwa zile kilo, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Mzee mmoja aliyekuja kuvunja mkataba wake alisahau kilichomleta, akauliza kama anaweza kumwongeza mkewe.

Meneja aliomba kilo zipande mzani. Ukasoma thelathini na moja. Alisema tangu aanze kazi hajapata mfanyakazi anayejitunza kiasi hicho. Zikaletewa mto wa kukalia ili zionekane juu ya meza, na beji ikapatikana palepale: ya Dada Mapokezi mwenyewe, ilikuwa bado kwenye droo.

“Bosi,” Dada Mapokezi alisema, “hizo ndizo kilo zilizokufanya unitoe pale.”

Meneja alimjibu kwamba yeye hachunguzi mtu katoka wapi, anasoma mzani. Kisha, kwa kuwa Dada Mapokezi alikuwa anateremka, meneja akampa mafaili ya wiki nzima ashuke nayo stoo.

Jioni Dada Mapokezi alisimama kwenye ukuta mfupi. Habari ilikuwa imetangulia kufika. Ndani kwa fundi benchi lilijaa watu, sufuria ilikuwa katikati ya meza, na kilo, beji kifuani, zilikuwa zinasimulia umbea wa ofisini. Meneja kampima yule dada wa malipo, zikasema, kakutwa sabini na nne. Keshapewa anwani ya mahali pa sindano.

Fundi alihesabu viti kwa macho. “Nne tu? Hizo zitatosha kwenye stuli.” Akapangusa stuli moja, akaiweka kando tayari.

Halafu akachungulia nje. “Na wewe utashikilia ukuta mpaka lini? Ingia ule.”

Dada Mapokezi alisema ahsante, hana njaa.

“Njaa yako tunayo sisi huku,” kilo zilisema, zikijisogeza ukingoni mwa benchi kumwachia nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. “Njoo tukupe nusu, kabla hakijapoa.”