Kriki ya Mzee Elikana

Uthmani alitandika gunia kwenye baraza ya duka lake, karibu na soko la Gitega, akapanga juu yake kriki tatu kama mama anavyopanga viazi vya kuuza: ndogo mbele, kubwa nyuma. Fabiano alikulia Tanzania na nyumbani aliziita jeki, lakini mbele ya muuzaji alisema kriki ili wasicheleweshane.

"We tena," Uthmani alisema. "Ile ya mkasi iko wapi?"

"Imemezwa."

"Na ile ya chupa?"

"Imemezwa pia. Na kibao chake."

"Mi nilikwambia! Ya mkasi iko ya taksi ya mjini, jipu inaichekaka tu. Ya chupa iko na nguvu, ila inataka chini pagumu. Uliiweka kwa tope?"

"Ni kiangazi, mzee wangu. Vumbi tupu."

Fabiano alieleza kama mtu anavyoeleza jino linalouma. Jipu lake lilibeba watu na maharage kati ya Giteranyi na Muyinga. Kwenye kona yenye mikaratusi tairi la nyuma lilikuwa linaisha pumzi, kila safari, bila msumari. Alipoweka kriki chini ya ekseli, gari halikupanda. Kriki ndiyo iliyoshuka, taratibu, mpaka ardhi ikafunga mdomo. Abiria waliinua gari kwa mabega, tairi likabadilishwa, wakaendelea, maana soko halingoji mtu.

Mara ya pili alisikia sauti chini ya barabara.

"Sokwe," ilisema, jinsi Warundi wanavyofungua kitendawili.

"Niruze," alijibu Fabiano. Kitendawili ni kama mgeni, hakiachwi mlangoni.

"Wote wananipita juu, hakuna anayeniomba radhi."

"Njia."

"Hapana."

Fabiano alifikiri mpaka abiria wakaanza kumpigia honi. Shuleni kule Tanzania alifundishwa kwamba anayeshindwa kitendawili hutoa mji, basi akasema, "Nimeshindwa. Nakupa Muyinga."

"Muyinga nitaitia wapi?" sauti iliuliza. "Mtoto wa Gaudensia, nipe kriki. Hizi ulizoleta hazina nafasi ya kusimama huku."

Ndipo akajua ni baba yake, Elikana. Siku ya kukimbia mauaji, Elikana alibaki nyuma kidogo ili awafungulie mbuzi kamba, na Fabiano alivuka mpaka mgongoni mwa mama. Waliporudi, hakuna aliyewaonyesha kaburi. Mama Gaudensia aliacha kipande cha ardhi kando ya migomba bila kukilima, urefu wa mtu mmoja, akingoja wa kumlaza.

Uthmani aliifuta mafuta kriki iliyokuwa mkononi. "Wako wengi?"

"Hawajahesabiana. Anasema kuna giza."

"Wamelala namna gani?"

"Wengine juu ya wengine."

"Bon." Uthmani alianza kuzirudisha dukani moja moja. "Hii ndefu inataka mtu asimame, na mpini wake ukiteleza unakuachia ufizi tu. Hii ya magurudumu inataka simenti. Ya chupa ukiilaza, haisukumi. Watu wanakuja hapa wanauliza nguvu, nguvu. Nafasi kwanza, mwanangu."

Alitoka na mfuko mzito wa mpira uliokunjwa, ulioachwa na wazungu wa mradi. Ulilala bapa kama ngozi ya mbuzi inayokaushwa. Bomba lake hufungwa kwenye ekzosi, na moshi wa gari lenyewe ndio unaoujaza.

"Weka gunia chini na juu, isitobolewe na mawe," Uthmani alisema. "Ama mifupa."

Fabiano alipokuwa anaufunga mfuko garini, Uthmani alimfuata. "Kama kuko moja anaitwa Hamadi, alikuwa tanboi wa lori, ni mkubwa wangu. Umwambie kiti chake dukani bado kiko."

Kesho yake, jua likiwa limeshaanza kuinama, Fabiano alisimamisha jipu kwenye kona. Mama Gaudensia alishuka na mkeka mpya, akautandika ukingoni mwa barabara, akakaa na kunyoosha miguu. Ufa mwembamba ulifunguka kwenye kokoto, mkono ukatoka, ukapokea mfuko uliozungushiwa magunia, ukaingia nao.

"Hamadi yuko?" Fabiano aliuliza.

"Yuko," baba yake alijibu. "Ndiye anayeupanga. Wengine tulikuwa wakulima, hatujui mambo haya."

Fabiano alifunga bomba kwenye ekzosi, akawasha gari. Barabara ilianza kuumuka kama unga wa mandazi. Ilipanda kiganja kimoja, ikapanda mpaka gotini. Ufa ukawa mlango mdogo, na harufu ya moshi na udongo mbichi ikatoka. Mkono ulitokea tena. Kidole gumba kilikuwa na kovu la panga.

"Huyo ndiye," Mama Gaudensia alisema, akaushika. "Mikono yako imekuwa baridi, we mwanamume."

"Nguo zimekwisha," Elikana alisema. "Mwambie mtoto aongeze moto."

Fabiano alikanyaga mafuta. Bega lilikuwa limeanza kuonekana lori la mawe liliposimama nyuma yao. Mzee Sebastiani, msimamizi wa barabara, aliteremka na vijana wake, akavua kofia.

"Mwiriwe, mama," alimsalimu Gaudensia. Akaizunguka nundu ile, akaipima kwa macho. "Mmetusaidia. Hapa tulikuwa tunataka tuta, watoto wa shule wanavuka."

"Kuna watu chini, mzee," Fabiano alisema. "Wako karibu kutoka."

"Najua." Alisema kama mtu anayeonyesha alipoacha jembe. "Waliopima njia walitaka ipite bondeni. Mimi ndiye niliyewaonyesha hapa."

Aliwaita vijana. Walikuja na mawe na sururu, wakasubiri kwa heshima mpaka Mama Gaudensia alipomaliza kuagana na ule mkono. Kisha wakajaza ufa, wakashindilia, wakapaka chokaa. Bomba walilikata kwa panga, wakamrudishia Fabiano kipande chake, kwa kuwa hakikuwa mali ya barabara. Mama alikunja mkeka akaupandisha garini.

Tuta lipo mpaka leo. Tairi la Fabiano haliishi pumzi tena. Alikwenda Gitega kumpa Uthmani habari za ndugu yake, na Uthmani akakitoa kile kiti vumbi, akakirudisha palepale. Kando ya migomba, kile kipande bado hakijalimwa.

Magari yote hupunguza mwendo kwenye kona, na anayepunguza mwendo husikia "Sokwe." Abiria huitika, ni watu wenye adabu. Husema njia, husema vumbi, husema daraja. Wakishindwa hutoa mji, kama waliorudi walivyowazoeza, na Mzee Elikana siku hizi hupokea, maana kriki hakuna tena anayetoa. Ameshapewa Muyinga na Gitega, Ngozi na Bujumbura, mpaka Kigoma ng'ambo ya mpaka. Ana miji mingi kuliko mfalme, na amelala palepale.

Mzee Sebastiani naye hupita, na yeye hupunguza mwendo kama wengine. Jibu analijua. Akikaribia tuta, hufunga kioo.