Mwenye Duka Hapewi Bakshishi

Katika mji wa Braddon, magharibi mwa Pennsylvania, malezi ya mtu hujulikana pale anapokwenda kuchukua chakula alichoagiza. Ukikaa mezani ukahudumiwa, halina mjadala: unaacha bakshishi, na usipoacha utasemwa hadi siku ya mazishi yako. Lakini chakula cha kufungiwa, unachokuja kukichukua kaunta ukakile kwako? Hapo wenye mji hugawanyika. Wapo wasemao aliyekufungia naye ametoa jasho. Wapo wasemao kumtia samaki ndani ya boksi si kazi ya kulipiwa mara mbili. Ndugu wa tumbo moja wamenuniana kwa ajili hiyo, na wamenuniana bure.

Jambo moja tu walikubaliana wote: mwenye duka hapewi bakshishi. Faida yote ni yake. Kumwachia vijisenti juu ya bei aliyoipanga mwenyewe ni kumwambia kwamba machoni pako yeye ni mtumishi.

Emil Sabol aliishika sheria hiyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa naye alikuwa kinyozi mwenye duka lake. Mteja akimwachia dola ya ziada, Emil alimfuata hadi barabarani na kumrudishia, tena kwa hasira. Alikuwa mtu mwema, ila kwa jambo hilo alikuwa na kichwa kigumu cha kupasulia kuni.

Kila Ijumaa alikwenda kwa Hudak kuchukua samaki wa kukaanga na pierogi, vile vibumba vya unga vilivyojazwa viazi. Kwa Hudak palikuwa pa Dolores, mjane wa Hudak wa mwisho, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha treni na ulimi usiomwogopa hata padri. Emil alimpenda. Afadhali lisemwe sasa, maana yeye mwenyewe hakulisema miaka yote aliyosimama kwenye foleni ile. Alichofanya ni kulipa, kupokea chenji yake yote hadi senti ya mwisho, na kumwita bosi. Hiyo ndiyo heshima aliyoijua. Dolores naye alimfukuza kwa maneno kama, "Toka hapo, unawazibia watu wazuri," na wote wawili walikwenda kulala wameridhika.

Siku chache kabla ya Kwaresima, kijana mgeni aliingia kwa Emil kunyolewa. Alijitambulisha kuwa Garrett, mwenye migahawa miwili mitatu huko Pittsburgh. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mbaya. Emil alipomkung'uta nywele shingoni, Garrett akatoa noti na kumwambia chenji abaki nayo.

"Chukua chenji yako," Emil akasema. "Mimi ndiye mwenye duka."

"Sawa, mzee, lakini umeninyoa vizuri."

"Nimekunyoa kwa bei iliyoandikwa ukutani. Mwenye duka hapewi bakshishi. Kwenu hamkufundishwa?"

Garrett alibaki na noti mkononi, kisha akajipiga paji la uso. "Mungu wangu! Kumbe ndiyo maana Dolores hapati kitu!"

"Dolores gani?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kijana alikwisha kujikwaa. Alijaribu kuzungumzia hali ya hewa. Emil alikuwa bado ameshika wembe. Hakumtishia nao, aliushika tu, na Garrett akamwaga yote. Alikuwa amelinunua duka la Hudak miaka mitatu nyuma, baada ya madeni ya hospitali ya marehemu kumeza kila kitu. Dolores mwenyewe ndiye aliyeomba kibao kisibadilishwe na mtu yeyote asiambiwe. Garrett akamwajiri akae palepale kaunta, kwa mshahara wa mhudumu, ambao haufiki dola tatu kwa saa. Kinachobaki mhudumu hukipata kwa wateja.

"Nikajua mji mzima unakula pale, bakshishi zitamiminika," Garrett alisema. "Wapi! Hawaachi hata sumni. Sheria inanitaka nijazie hadi kima cha chini, nami najazia, lakini kima chenyewe unakijua. Hakilipi hata gesi ya kupashia nyumba joto."

"Si umwongeze mshahara."

"Nimemwambia nitamwongeza. Amekataa. Anasema wa kaunta ni wa kaunta, hataki kubebwa. Ameapa Kwaresima hii ikipita kavu, anauza nyumba anahamia kwa mwanawe Arizona."

Garrett alipoondoka, Emil aliketi kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa. Mji mzima ulikuwa umemnyima mwanamke yule riziki kwa kumheshimu, na yeye ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na sasa Emil alikuwa ameingizwa chumba cha kuoshea bila kuomba. Aliona uchungu, na zaidi ya uchungu aliona hofu. Arizona ni mbali, na yeye hakuwa na jingine la kungojea katika wiki yake.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, watu wakiwa hawali nyama, foleni ya Hudak ilifika mlangoni. Emil alilipa, na chenji ilipokuja akaisukuma irudi upande wa pili wa kaunta.

"Chenji yako hiyo," Dolores akasema.

"Baki nayo."

"Nibaki nayo niifanyie nini?"

"Ya soda."

"Ya soda!" Dolores akaigeukia foleni. "Mnamsikia huyu? Friji nzima ya soda hii hapa nauza mimi, yeye anakuja kuninunulia moja! Emil, una homa?"

Watu wakacheka. Dolores naye alicheka, lakini wekundu ulimpanda hadi masikioni alipokuwa akimrudishia sarafu. Emil aliuona wekundu ule, akachukua chenji yake na kusema alikuwa anatania.

Kosa lake alilielewa kabla hajafika nyumbani. Bakshishi ikitoka mkononi mwake, Dolores hasikii asante, anasikia "najua umeanguka." Kuwaambia wengine ni kuitoboa siri isiyo yake. Kunyamaza ni kumsindikiza Arizona. Njia ikabaki moja: desturi yenyewe ife. Wenye maduka wakianza kupewa bakshishi bila mtu kushangaa, itafika siku Dolores apewe bila mtu kumuuliza kitu. Lakini desturi haifi kwa hotuba. Lazima mwenye duka mmoja aanze kupokea.

Jumatatu asubuhi alisafisha kopo la kahawa, akaliweka mbele ya kioo na kubandika karatasi iliyoandikwa BAKSHISHI kwa herufi kubwa.

Wa kwanza kuliona alikuwa Stush Wojcik, mstaafu wa reli, mtu ambaye Mungu alimjalia kifua kipana na hakumjalia kufuli ya mdomo.

"Hii nini?"

"Kusoma unajua."

"Emil! Wewe si ndiye ulinikimbiza na dola yangu kwenye mvua, ukanitupia kama nimekutukana mama?"

"Mambo yamebadilika. Siku hizi mwenye duka naye anapewa."

"Yamebadilikia wapi? Mbona mie sikuona? Njaa hiyo, Emil, sema tu tukuchangie!"

"Weka kitu au toka nje."

Stush alitumbukiza kifungo cha koti, akatoka kwenda kuutangazia mji. Hadi jioni kila mtu alikuwa amejua. Wengine walikuja kunyolewa kabla nywele hazijakua, ili wajionee. Waliweka sarafu, na kila sarafu ilikuja na neno lake: hii ya mafuta ya taa, hii ya jeneza. Mama mmoja wa kwaya alimletea mkate uliofunikwa kitambaa. Padri alimuuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Emil aliwajibu wote jibu lilelile, kwamba wenye maduka wa mji huu wana haki ya kupewa kama wengine, na kwamba wasiishie kwake. Usiku alilala vibaya. Kila sarafu iliyolia ndani ya kopo lile ilimchoma, na mtu asidhani alizoea, hakuzoea.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba dawa haikufanya kazi. Braddon ilimpa yeye, ikamcheka, na ikaishia kwake. Ijumaa baada ya Ijumaa alisimama kwenye foleni akawaona watu wakipokea chenji yao yote kwa Dolores na kuitia mfukoni, nyuso zao zimejaa adabu.

Ijumaa Kuu foleni ilitoka nje hadi kwenye lami. Stush alifika kaunta akiwa mtu wa nne mbele ya Emil, akaona hadhira imetosha.

"Bosi, umesikia la kinyozi wetu? Kaweka kopo! Mwenye duka zima, anaombaomba!"

"Kopo la nini?" Dolores akauliza. Mtu anayesimama kaunta tangu asubuhi hadi jioni habari za mji humfikia mwisho.

"La bakshishi! Na wewe utaweka lini?" Stush akageukia watu kabla hajajibiwa. "Nani, huyu? Huyu ni Hudak, jamani. Huyu atakufa njaa kabla hajanyoosha mkono. Ndiyo maana mimi simwachii hata senti. Namheshimu!"

"Kweli kabisa," watu wakaitikia. "Dolores si mtu wa hivyo."

Walikuwa wakimvika kilemba cha ukoka, safu juu ya safu, naye amesimama wima kukibeba. Akatazama juu ya vichwa vyao hadi alipomwona Emil.

"Emil, hilo kopo uliliweka lini?"

"Mwanzo wa Kwaresima. Jumatatu ile."

"Baada ya soda yangu."

"Baada yake, ndiyo."

"Na muda wote huu wanakucheka."

"Wanacheka, lakini wanalipa," Emil akasema, na akatikisa kichwa kidogo kumzuia. Wakati ule angekubali kuitwa ombaomba maisha yake yote, mradi yule mwanamke asiseme alichokuwa anataka kusema.

Dolores alijifuta mikono kwenye aproni. "Duka hili si langu," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akitumia sauti ya kawaida, wote walisogea kumsikia. "Niliuza. Hospitali ilikula kila kitu. Hapa nimeajiriwa kama huyo aliyeko jikoni. Nalipwa mshahara wa mhudumu, na mshahara wa mhudumu mnaujua."

Stush akaegemea kaunta. "Dolores. Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie vipi? Kila mkija mnaniita bosi. Nilipenda kuitwa bosi, Stush, ndiyo ukweli wenyewe. Lakini huyo hapo," akamwonyesha Emil kwa koleo la samaki, "amejifanya mwombaji mkamcheka mji mzima, ili nyinyi mzoee kutoa. Siwezi kusimama hapa nasifiwa juu ya mgongo wake."

Stush alitoa pochi kwa haraka, akaweka noti ya dola hamsini kaunta. Dolores aliirudisha kwa kidole kimoja.

"Hiyo sadaka. Sadaka ipeleke kanisani, ni Ijumaa Kuu. Mimi nataka bakshishi. Toa ile ambayo ungemwachia mhudumu yeyote aliyekufungia samaki wa moto na hakusahau ndimu. Na kama wewe ni wa wale wasiotoa kwa chakula cha kubeba, usitoe. Nawajua, sitawanunia."

Stush aliirudisha hamsini yake, akatafuta noti ndogo mfukoni akaziweka.

"Asante, mpenzi," Dolores akasema, kama wasemavyo wahudumu wote wa nchi ile kwa yeyote aliyeacha chochote, na akazitia kwenye mfuko wa aproni. "Anayefuata."

Mama aliyefuata aliacha yake. "Asante, mpenzi." Aliyefuata baada yake hakuacha kitu, akatoka ameinamisha uso, na Dolores hakumtupia neno. Foleni ikasogea. Kwa namna ilivyokuwa ikisogea, hata mtu asiyejua hesabu aliona kwamba Arizona itasubiri.

Zamu ya Emil ilipofika, alilipa samaki wake na pierogi zake, kisha akaweka dola tatu kando, si nyingi na si chache. Akangoja kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, alikuwa na hamu nako.

Dolores alizitia dola tatu mfukoni na kumpa mfuko wake wa chakula. "Asante, mpenzi," akamwambia. "Kula kingali moto. Anayefuata."

Emil alitoka nje akiwa ameukumbatia mfuko. Miaka mingi alikuwa ametamani kuitwa hivyo na kinywa kile, na sasa ameitwa, kwa bei ileile ya kila mtu aliyekuwa kwenye foleni.